Stika ya Baiskeli ya Mama Maziwa

Mimi ni mtu wa kushuku, na afadhali niliseme mapema. Nikinunua maziwa, tone la kwanza nalidondoshea kwenye ukucha: likikaa, nanunua, likitiririka, muuzaji atanitambua. Mteja akiniletea kitambaa akasema, "Kata tu fundi, nakuamini," namwita mtu mwingine ashuhudie vipimo, maana wanaokuamini asubuhi ndio haohao wanaokushtaki jioni nguo ikibana. Mume wangu husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa mpelelezi. Namjibu kwamba basi yeye angekuwa kesi yangu ya kwanza.

Kwa hiyo hata Kijapani nilikianza kwa kushuku.

Nilizaliwa Nachingwea mjini, nikaolewa Nkowe, na cherehani yangu iko kwenye baraza la duka, upande unaotazama barabara. Masika kazi huwa chache. Watu wako mashambani, hakuna harusi, hakuna sare za shule. Alasiri moja ya mvua nilikuwa nimekaa bila kazi, nikaangukia video ya mama mmoja wa Kijapani. Uso wake hauonekani, ni mikono tu. Alitandaza kitambaa cha mraba, akaweka juu yake vyombo vya chakula, akafunga mafundo mawili, kitambaa kikawa kikapu chenye mkono wa kushikia.

Nilicheka peke yangu. Mama yangu Nachingwea alifunga vilevile kwa kanga kila alipopeleka chakula msibani, na fundo lake halikuwahi kufunguka njiani. Halafu nikakasirika kidogo, kwamba sisi tunafunga miaka yote na hakuna anayetupiga picha. Nikaitazama tena. Nikatafuta nyingine, na nyingine, mpaka bando likaisha. Yule mama alikuwa anazungumza muda wote mikono ikifanya kazi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfundisha bintiye jambo la nyumbani. Nilitaka kujua anasema nini. Mtu akizungumza chini kiasi kile mbele yangu, mimi silali.

Basi nikapakua programu ya kujifunza Kijapani. Ilikuwa bure, na bure ghali, hilo tunalijua. Wiki mbili nzima nilikuwa nakagua salio langu la simu asubuhi na jioni kuona kama wananila. Hawakunila. Niliendelea kuwatazama.

Lugha yenyewe ilinikamata pale nilipoanza kuwakuta watu wa kwetu ndani yake. Mjapani akitoka nyumbani haagi kwa kusema anakwenda. Anasema anakwenda na kurudi. Si ndiyo sisi, mtu anainuka, anavaa kandambili, anatokomea huku akisema "nakuja"? Wana neno wanalopeana kazini jioni ambalo mwalimu wa kwenye simu alilieleza kwa dakika nne, na mimi nililielewa kwa sekunde moja: pole na kazi. Ukiingia nyumba ya mtu unavua viatu na kutamka kwamba unaomba kuwasumbua. Hodi hiyo. Kila nilipokutana na jambo la namna hii nilifurahi sana, furaha ya kumkuta ndugu ugenini, kisha nikajiuliza huyu ndugu anataka nini.

Majirani nao walijiuliza mimi nataka nini. Upande wetu wa Ruangwa, mtu akianza kuongea lugha ya nje, watu hutazama ardhi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye anauza chai ya maziwa na vitumbua upande wa pili wa baraza, aliniambia mbele za watu, "Wifi, utuambie mapema. Wakija kuchimba madini, sisi tuhamie wapi?" Watu wakacheka, lakini mzee mmoja hakucheka. Kesho yake alikuja kuniuliza kwa upole kama shamba lake liko kwenye ramani.

Kupitia programu nyingine nilimpata mwenzangu wa kubadilishana lugha. Alikuwa bibi mstaafu aliyeko huko kwao Japani, anayetaka kujifunza Kiswahili. Nilimwita Bibi, naye akapenda. Nilimwuliza siku ya kwanza: kwa nini Kiswahili? Akasema anapenda kinavyosikika. Jibu hilo halikunitosha. Nilingojea siku atakayoniambia kuna mzigo wangu umekwama bandarini, nitume chochote ukombolewe. Siku hiyo ilichelewa. Nikamtaka anionyeshe jiko lake kwa video, akanionyesha. Nikataka dirishani, akanionyesha. Nje kulikuwa na theluji mpaka kwenye paa. Nikasema kimoyomoyo, theluji ya kwenye simu mtu anaweza kuiweka. Nikamwambia aingize mkono. Bibi wa watu akafungua dirisha, akaingiza mkono wake mtupu ndani ya theluji, akautoa mwekundu, anacheka mpaka machozi. Kuanzia hapo nilimwamini, au niliamini kwamba ana mkono.

Sasa nimlete mtu mwenyewe wa habari hii.

Familia za wafugaji kutoka kanda ya ziwa zilikuwa zimehamia kwetu na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Tuliwapokea kwa macho. Ng'ombe wa mmoja wao waliwahi kuingia kwenye ufuta wa mtu, na tangu siku ile kila ng'ombe aliyeonekana Nkowe alikuwa ameshakula ufuta wa mtu. Mama mmoja wa familia hizo alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi kwa baiskeli, madumu mawili kwenye keria. Tulimwita Mama Maziwa. Alikuwa mrefu, mtulivu, Kiswahili chake cha kuhesabika. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, lakini kila aliposalimia alikunja magoti kidogo, kama walivyolelewa kwao. Nilikuwa nautumia muda wangu kujifunza Wajapani huinama kiasi gani mbele ya nani, na huyu mama aliyenikunjia magoti kila siku sikuwahi hata kumwuliza kwao salamu inajibiwaje.

Maziwa yake yalikaa kwenye ukucha siku ya kwanza. Yakakaa ya pili. Yakakaa wiki nzima, mwezi mzima. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilisema, masika yote haya, majani yamejaa maji, na tone halitiririki hata siku moja? Kuna namna.

Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakiwasomesha watoto wake wawili pale shuleni kwetu. Hilo nililijua, kwa sababu sare zao nilizishona mimi.

Baiskeli yake ilikuwa moja ya zile zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika: ya kijivu, kapu mbele, fremu imeshuka chini ili mwenye gauni apande bila shida. Asubuhi moja aliiegemeza karibu na cherehani yangu, akaingia dukani. Chini ya kiti, kwenye bomba la fremu, niliona stika ndogo ya njano imechakaa pembeni. Na juu yake kulikuwa na maandishi ambayo niliweza kuyasoma.

Siwezi kueleza nilivyoshtuka kwa raha. Mwaka mzima Kijapani kilikuwa kitu cha ndani ya simu, na sasa kimenijia chenyewe mpaka Nkowe, kimepita kwenye matope. Nilipiga magoti. Nilisoma alama za kwanza nilizozitambua, zile za somo la kuuliza njia: polisi. Nikatafuta nyingine. Uhalifu. Kati yake kulikuwa na alama ambazo sikuzijua, nikaziruka. Chini yake namba ndefu. Polisi, uhalifu, namba. Mimi ninayekagua salio asubuhi na jioni, hayo matatu yalinitosha. Nikapiga picha.

Nilipoinua kichwa, Mama Maziwa alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na mimi niko chini magotini na simu mkononi.

"Baiskeli yako nzuri," nikasema.

"Ahsante," akasema. Hakuondoka mara moja. Alikaa pale kitambo, mikono kwenye usukani, kama mtu anayesubiri uendelee. Sikuendelea. Akapanda, akaenda.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Huyo mtu alikuwa wifi yangu, na mwenye wifi atanielewa.

"Baiskeli ile," nilimwambia, "ina maandishi ya polisi."

"Ya polisi yanasemaje?"

"Yanataja uhalifu. Na namba. Mimi naona iliibiwa huko, ikasafirishwa." Kisha nikasema lile neno la kipumbavu kuliko yote: "Lakini usimwambie mtu."

Wifi aliweka chini bakuli la unga. "Mi nilisema zamani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ng'ombe wote wale, unadhani wote ni mali yao?"

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano, wakati watu wanakunywa chai, baiskeli ilikuwa ya wizi. Alhamisi, polisi wa Japani walikuwa wanaitafuta kwa namba. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, baiskeli ilikuwa imeua mtu. Mwenyewe alikuwa binti mdogo, na damu yake ilikuwa imefichwa kwa rangi. Yote haya yalinirudia mimi yakiwa na ushahidi: "Fundi amesoma mwenyewe, anajua lugha yao." Niseme kweli, sikuumia. Nilijisikia mtu wa maana. Mwaka mzima walikuwa wananiuliza Kijapani kitanisaidia nini.

Wifi ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa yale maziwa, kwa ajili ya chai yake. Aliacha kwanza yeye. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kwa adabu. "Leo tunayo bado, mama." "Mtoto anaharisha, mama." Alikuja na madumu mawili yamejaa, akarudi na moja na nusu, wiki iliyofuata akarudi nayo karibu yote. Mwenyekiti wa kitongoji akamwita mume wake, akamwuliza habari za baiskeli. Mume akasema imenunuliwa. Mwenyekiti akasema wote husema hivyo, wala hakuomba karatasi. Mimi niliendelea kununua kidogo, na kudondoshea ukucha kama kawaida, kwa sababu nilitaka aonekane tu amekosea mahali. Tone lilikaa. Wiki ya tatu akaacha kutuletea.

Ile picha nilikuwa nimemtumia Bibi siku ileile. Wala si kumwuliza, ilikuwa kumringishia, kwamba nimesoma kitu bila msaada. Bibi alikuwa kimya. Alikuwa amepasuliwa jicho na kukatazwa simu. Baada ya wiki tatu alinijibu. Alituma picha ya baiskeli yake mwenyewe, imeegemea ukuta, na chini ya kiti ina stika ya njano kama ile. Kisha ujumbe wa sauti, Kijapani cha polepole, akamalizia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Baiskeli zote. Yangu pia. Duka linaandika jina lako kwa polisi. Mwizi akichukua, polisi wanajua ya nani. Hiyo stika ni nzuri."

Nikasikiliza mara mbili. Nikamwuliza: na baiskeli isiyo na stika?

"Ah," akasema, "hiyo ndiyo polisi wanaisimamisha."

Nilizima cherehani. Nilitazama ile picha niliyopiga mimi na zile alama nilizoziruka, na sasa Bibi alikuwa amezitafsiri: kuzuia. Kuandikisha. Nilikuwa nimesoma neno polisi kwa macho ya Nkowe, ambako polisi hawakuandiki jina ila umefanya jambo. Haikunijia kabisa kwamba kuna nchi mtu anapeleka jina lake polisi kwa hiari siku anayonunua baiskeli, kwa sababu hana wasiwasi nao. Mwaka mzima nilijidai napenda mila zao, na mila yenyewe iliponijia mpaka barazani niliivalisha kosa.

Nilikwenda kwa wifi palepale. Nikamweleza yote, na picha ya baiskeli ya Bibi nikamwonyesha.

"Si wewe ndiye uliyesoma?" akasema.

"Nilisoma nusu, wifi."

Akageuza kitumbua chake. "Basi nusu hiyo ilitutosha."

Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa natoka jasho, nasema na watu nisiozoea hata kuwasalimia, nawaonyesha simu. Wengine walisema sawa fundi, tumesikia, kwa ile sauti ya kumsindikiza mtu aondoke. Mwanamke mmoja ambaye watoto wake wote wamekunywa maziwa yale aliniuliza, "Kama si ya wizi, na hiyo karatasi ndiyo inaonyesha si ya wizi, mbona ameibandua?"

Nikamwuliza ameibandua nani.

"Mwenyewe. Toka juzi haina. Katupita hapa, pale chini ya kiti pamekwanguliwa. Mtu hana kosa anafuta alama ya polisi?"

Swali lile lingekuwa langu. Mwezi mmoja nyuma ningeliuliza mimi, na ningejisifu kwa kuliuliza.

Asubuhi yake nilichukua bodaboda hadi inapoishia njia, nikamalizia kwa miguu. Nilipiga hodi nje ya ua wa miiba. Ng'ombe walikuwa wameshakwenda malishoni. Mama Maziwa alikuwa anaosha madumu, akaniona, akafuta mikono kwenye gauni, akanikunjia magoti kidogo kama siku zote. Nilitamani asingefanya vile. Akaniletea kigoda. Akaniletea maziwa kwenye kikombe, na nikayanywa bila kuyaangalia.

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Chini ya kiti palikuwa na kovu jeupe la chuma, rangi imetoka na stika.

Nilimweleza. Nilianza vibaya, nikarudia, nikaeleza habari za Japani na polisi na duka, na yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema, si mtu mwingine.

"Najua, mayu," akasema. Kwao mayu ni mama. "Nilijua siku ile ile. Ulipiga magoti, ulipiga picha. Mimi nikasimama. Nikasema, huyu anajua kusoma, ataniuliza. Ukasema baiskeli nzuri."

"Kwa nini umeitoa stika?"

"Mume wangu alisema itoke. Hatujui inasema nini. Inatuletea maneno." Akaitazama baiskeli. "Nilikwangua kwa kisu. Ilikuwa ngumu."

Kisha akaingia ndani. Nilisikia mfuniko wa sanduku. Akarudi na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, akatoa ndani yake kipande cha karatasi, akanipa kwa mikono miwili.

"Mimi kusoma sijui," akasema. "Soma."

Ilikuwa risiti ya duka la baiskeli la Ruangwa mjini. Ina mhuri. Ina jina lake. Baiskeli moja ya kike, imetumika, rangi ya kijivu, imelipiwa yote, na saini ya muuzaji. Nikaisoma kwa sauti. Akamwita mume wake aliyekuwa nyuma ya nyumba, akaniambia, "Soma tena, asikie." Nikasoma tena. Yule mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, akaondoka bila kunitazama. Sauti yangu mara ya pili haikuwa nzuri.

"Ni hayo tu yaliyoandikwa?" akaniuliza.

"Ni hayo tu."

"Kiswahili?"

"Ndiyo. Kiswahili."

Akaikunja, mara moja, mara mbili, akairudisha kwenye mfuko. Alisema nilipie kikombe kile siku nyingine, halafu akacheka kidogo kuonyesha ni mzaha, na mimi sikuweza kucheka. Nilimwomba arudi Nkowe. Nilimwambia nitasimama naye barazani, niisome ile risiti mbele ya kila mtu, mbele ya wifi, mbele ya mwenyekiti. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema, "Wataniuliza karatasi ya maziwa pia."

Watoto wake bado wanasoma pale shuleni. Kijapani sijakiacha, na Bibi huniuliza mara kwa mara hajambo yule rafiki yangu mwenye baiskeli. Namjibu hajambo. Maziwa siku hizi Mama Maziwa anayapeleka mpaka Ruangwa mjini, mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake, na njia ni hiyohiyo inayopita mbele ya cherehani yangu. Kila asubuhi naacha kazi, nasimama. Ananisalimia kwa heshima zote, na hasimami.